Anua!

Haitham alipokwenda Unguja kusoma
aliniachia tundu la mbao lenye vyumba viwili,
Bungala, sungura, upande wa kulia,
Konyo na Pepeta, simbilisi, upande wa kushoto,
na karatasi ya daftari yenye mstari mmoja:
Mama, majani makavu, kutwa kucha, yasikatike.

Makavu?
Mgeni apewe makavu nyumbani kwangu,
hapa Wete, Limbani nzima ikisikia?
Nikawapa mchicha na umande wake,
kabeji ya sokoni, maganda ya ndizi,
na Ijumaa, kipande cha mkate wa kumimina.

Bungala alikula, akashukuru kwa masikio.
Siku ya nne akajikunyata pembeni,
tumbo limekaza kama ngoma iliyoota moto,
anasaga meno na kinywani hamna kitu.

Bwana mifugo alikuja na vespa, miwani ina vumbi.
Akamfungua mdomo kwa kidole, taratibu,
kama afunguaye barua ya mtu mwingine.
"Tazama. Meno haya hayakomi kuota.
Yanaota hivi sasa tunavyozungumza.
Akikosa kikavu cha kuyasagia
yatapinda, yatamchoma ulimi,
afe njaa mbele ya sahani iliyojaa."
Akaacha dawa. Akakataa soda. Akaenda.

Nikakata ukoka nyuma ya skuli
kabla haujatoa mbegu, kwa mundu wa marehemu mama,
nikauanika jamvini kando ya karafuu za Faki.
Faki, mume wangu, ambaye tangu Mfungo Mosi
hatukusemezana ila kwa habari ya chumvi.
Alilitazama jamvi. Akanitazama mimi.
Akasogeza karafuu zake shubiri moja.

Nikapindua asubuhi, nikapindua alasiri.
Siku ya kwanza ulinuka tikiti bichi.
Siku ya pili ukaanza kunong'ona mkononi.
Siku ya tatu nilikunja unyasi mmoja,
ukakatika: tk.
Na ndipo wingu likaja kutoka upande wa Mtambwe.

Anua! Anua!
Mtaa mzima mbio, kila mtu na jamvi lake,
watoto, wazee, hata shehe na kikoi kimelegea.
Na mimi, Mungu anisamehe,
nilikumbatia nyasi.
Pishi ya karafuu ni ada ya skuli.
Pishi ya ukoka ni kichekesho cha mwaka.
Faki akasimama mlangoni, jamvi begani, anachuruzika:
"Majani, Raya? Majani?"

Neno la kwanza lisilo na chumvi.
Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini,
karafuu zikamwagika juu ya ukoka wangu.

Usiku ule tulikaa ukumbini na taa katikati,
tunachambua: chake huku, changu huku.
Mikono ikiwa na kazi, mdomo hupata njia.
Akalitaja shamba la Kangagani,
lile tuliloliuza ili mtoto apande meli,
miti ya babake, na mimi ndiye niliyesema tuuze.
Nilijua. Nilijua siku zote.
Nilikuwa nikimpikia vilaini,
samaki wa nazi, ndizi za sukari,
na yeye meno yanaota, ulimi unachomeka.
Tulitafuna hadi jogoo wa kwanza.
Hatukumaliza.

Bungala kule tunduni naye,
krr, krr, krr,
shavu linakwenda upande, linarudi,
kama fundi mzee asiye na haraka ya malipo.

Asubuhi tukakuta karafuu moja imetuponyoka,
imelala katikati ya majani yake.
Aliinusa, akapiga chafya,
akaisukuma nje kwa pua.
Faki akaiokota, akaipangusa kwa kidole gumba,
akaitia mdomoni.